Ningu wa Mto Mara: makila, umeme, chipu au DNA ya majini?

Muulize mvuvi mtu mzima pale Daraja la Kirumi, kwenye Mto Mara upande wa Tanzania, atakuambia ningu wamekwisha. Muulize mtafiti, atakuambia wapo, ila wachache. Mtu wa mradi yeye anataka namba, tena anaitaka kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Nawaandikia wale wanaotumwa kuileta hiyo namba: afisa uvuvi wa wilaya, mwanafunzi wa uzamili, kikundi cha ufukweni kilichoambiwa kuna fedha kidogo za kufuatilia samaki na kichague njia.

Kwa asiyemjua, ningu (Labeo victorianus) ni samaki wa mto na ziwa mwenye mdomo unaotazama chini na midomo minene ya kukwangulia mwani juu ya mawe. Mkubwa kabisa hafiki nusu mita. Mvua zikishika hupanda mito inayoingia Ziwa Victoria, kama Kagera, Mara, Sondu, Yala na Nzoia, akataga kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko kando ya mto, kisha anateremka. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Makila, yaani nyavu za kunasa samaki mashavuni, yalipoanza kutegwa midomoni mwa mito, walionasa walikuwa majike waliojaa mayai, na kufikia miaka ya 1960 wataalamu wa uvuvi walikuwa wameshaandika kwamba uvuvi wa ningu umeporomoka. Leo IUCN, shirika la dunia la uhifadhi, imemweka daraja la mwisho kabla ya lile la waliotoweka porini.

Hapo pana jambo. Hao wa miaka ya 1960 hawakujua kuna ningu wangapi. Walichokuwa nacho ni rekodi za mavuno: mwaka huu nyavu zimeleta hivi, miaka ile zilileta vile. Rekodi hizo zilitosha kuwaonyesha kwamba samaki anakwenda. Ukiniuliza mimi, hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kuagiza kifaa cha mamilioni.

Namba au mwelekeo?

"Wako wangapi?" ni swali moja. "Wanapungua au wanaongezeka?" ni jingine. "Kwenye kijito hiki bado wapo?" ni la tatu. Kila moja lina njia yake. Mradi mwingi huharibikia hapa: fedha zinaliwa na swali la kwanza wakati mwenye fedha alihitaji jibu la pili.

Tatizo la swali la kwanza ni kwamba hesabu zake nyingi hudhani kuna ukuta. Samaki uliowakuta Jumatatu ndio haohao wa Ijumaa, hakuna aliyeingia wala aliyetoka. Ningu hana ukuta huo. Mto Mara una kilomita kama 395 kutoka milima ya Mau hadi ziwani, na kabla ya mdomo kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo ambamo samaki wa ziwa na wa mto hukutana. Mvua moja kubwa kule juu inapanga upya nani yuko wapi. Kwa hiyo ukisikia "ningu wa Mto Mara ni 4,000", swali la kwanza liwe: wa kipande gani cha mto, na wa wiki gani?

Makila na migono

Njia ya makila ni ya zamani na bado ndiyo ninayoitetea. Unatega nyavu zilezile, zenye macho yaleyale (tuseme seti ya kuanzia inchi 1 hadi 4), mahali palepale, kwa saa zilezile, kila msimu. Unachopata si idadi ya samaki mtoni. Ni kipimo linganishi: samaki wangapi kwa saa moja ya wavu mmoja.

Uzuri wake unaonekana ukipiga hesabu. Mwaka wa kwanza umekamata ningu 6 kwa saa 40 za wavu, yaani 0.15 kwa saa. Mwaka wa pili umekamata 12, kila mtu kambini anafurahi, lakini mlitega kwa saa 120. Hiyo ni 0.10. Samaki kwenye ndoo wameongezeka maradufu, kipimo kimeshuka kwa theluthi. Asiyeandika saa za kutega anarudi na habari njema ya uongo.

Udhaifu wake ni mwingi pia. Wa kwanza ni kwamba makila yanaua. Ningu aliyenasa mashavu kwa saa nne kwenye maji ya moto hafufuki, na si busara kuwamaliza samaki adimu kwa kuwahesabu. Nyavu zikaguliwe kila saa, au zaidi ikiwa maji yamepungua. Migono, au ule mtego wa wavu wenye mbawa mbili na koo la kuingilia tu, huleta samaki akiwa hai. Hukamata wachache, lakini hao utawapima na kuwarudisha.

Wa pili ni maji yenyewe. Mto ukijaa, wavu uleule unavua tofauti: unalazwa na mkondo, unajaa majani, samaki wanapita pembeni kwenye nyasi. Kila mtego uandikiwe kimo cha maji. Upande wa Tanzania kuna kipimo cha maji Mara Mines, na takwimu zake zikiwekwa pembeni ya daftari la nyavu zinafafanua mengi ambayo vinginevyo yangeitwa "kupungua kwa samaki". Msimu mmoja tulitega usiku mitatu mfululizo bila ningu hata mmoja. Mzee aliyekuwa anafunga mtumbwi jirani aliniita mwanangu na kuniuliza natega nini wakati mvua haijashika kule milimani. Ratiba yetu ilifuata kalenda ya ofisi. Siku tisa baadaye mto ulipanda na kuwa kahawia, na kwenye wavu wa kwanza wa alfajiri walikuwemo wanne, majike watatu, mmoja anavuja mayai ya kijani kibichi ukimgusa tumbo.

Wa tatu ni bahati. Ukiwa na wastani wa ningu 4 kwa safari, bahati peke yake inaweza kukupa 1 leo na 7 safari ijayo, na mtoni hakuna kilichobadilika. Samaki adimu anadai vituo vingi na miaka mingi. Vituo vitatu kwa miaka miwili havikuambii kitu, hata ripoti ikipambwa kwa grafu za rangi.

Umeme

Watu wengi wakisikia kuvua kwa umeme wanafikiria uhalifu, na wana haki, maana ukiufanya bila kibali ni uhalifu kweli. Kwa utafiti ni kitu kingine: betri mgongoni, mti wenye pete ya chuma mbele, mkondo uliodhibitiwa unaomzubaisha samaki kwa sekunde chache, mwenzako anamchota kwa wavu wa mkono, anaingia kwenye ndoo, anazinduka.

Sifa yake kubwa ni kwamba inaweza kukupa idadi halisi ya kipande cha kijito. Unaziba juu na chini kwa nyavu, hapo umejenga ule ukuta. Unapita mara ya kwanza, unawaweka kando uliowapata, unapita tena. Wanavyopungua ndivyo unavyojua waliobaki. Mzunguko wa kwanza 24, wa pili 9: unazidisha 24 kwa 24, unagawa kwa tofauti ya 24 na 9, unapata 38 hivi. Ukipita mara ya tatu na kupata 4, jumla umeshawashika 37, hesabu imekaa vizuri.

Sasa weka samaki adimu. Wa kwanza 5, wa pili 4: kanuni inasema 25. Wa kwanza 5, wa pili 5: kanuni inakutaka ugawe kwa sifuri. Njia inayong'aa kwenye kijito chenye samaki tele inapoteza akili palepale unapoihitaji.

Halafu kuna Mara yenyewe. Kwenye vijito kama Somoche au Tigithe, mahali maji yanafika magotini, kazi inafanyika. Kwenye mkondo mkuu, sahau. Kuna mamba, kuna viboko, maji huwezi kuona kiganja chako, na hakuna mabuti ya mpira yatakayokusaidia. Uwezo wa maji kupitisha umeme nao hubadilika kati ya kiangazi na masika, hivyo mashine iliyopangwa vizuri Februari inaweza kuwa haifanyi kitu Aprili, au ikawa inavunja samaki migongo. Na majike yenye mayai yasipigwe umeme kabisa. Maana yake msimu ambao ningu wapo kwa wingi mtoni ndio msimu ambao usingependa kuitumia.

Chipu na alama

Hii ndiyo njia inayopendwa vitabuni, na nimeona wengi wakiivamia bila kuisoma. Unakamata samaki, unawatia alama (kukata ncha ndogo ya pezi, au kuwachoma chipu ndogo kama punje ya mchele tumboni), unawaachia, unarudi siku chache baadaye kukamata tena na kuangalia wangapi wana alama. Asili yake ni Mdenmaki Petersen wa mwishoni mwa karne ya 19, na kanuni inayotumika zaidi ilirekebishwa na Chapman mwaka 1951: waliotiwa alama ongeza 1, zidisha kwa waliokamatwa mara ya pili ongeza 1, gawa kwa wenye alama ongeza 1, toa 1.

Umetia alama ningu 120. Umerudi, umekamata 90, na 9 wana alama. Makadirio: 1,100. Inapendeza. Lakini upana wa kosa lake ni kuanzia kama 500 hadi 1,700. Sasa badala ya 9 chukulia wenye alama ni 3 tu. Makadirio yanaruka hadi 2,750 na upana wake ni kuanzia kama 400 hadi zaidi ya 5,000. Samaki sita tu wamebadilisha kila kitu. Wanatakwimu wengi hawapendi kuona wenye alama chini ya 7, na kwa mto ambao usiku mzima unakupa ningu wanne, kuwapata hao 120 wa kwanza ni ndoto ya miaka.

Na ukuta? Waliotiwa alama wakiteremka ziwani kabla hujarudi, wenye alama watakuwa wachache na makadirio yatapanda. Utaandika kwamba samaki ni wengi kwa sababu samaki wameondoka. Sijaona kosa la kejeli kuliko hilo katika kazi hii yote.

Chipu zina thamani nyingine, ingawa si ya kuhesabu. Kila moja ina namba yake, hivyo ningu aliyechipiwa Kirumi mwezi Machi akionekana juu mwezi Mei umejifunza safari yake, na ukimpima tena umejifunza ukuaji wake. Chipu moja ni dola chache, kisomeo ni bei zaidi. Kama swali lako ni "wanapita wapi na lini", nunua. Kama ni "wako wangapi", subiri kwanza uone makila yanaleta nini.

DNA ya majini

Samaki huacha ute, kinyesi na seli kwenye maji. Unachuja maji, unapeleka kichujio maabara, maabara inatafuta DNA ya ningu. Humgusi samaki, huna haja ya kuingia mtoni zaidi ya kuchota, na siku moja inaweza kufika vituo ambavyo makila yangevimaliza kwa wiki tatu. Kwa swali la tatu, lile la "bado wapo?", haina mpinzani.

Ila iendee kwa adabu. Maji ya Mara wakati wa masika ni uji. Mara ya kwanza nilitarajia kuchuja lita moja kwa kila sampuli, na kichujio kikaziba kabla hata ya theluthi ya lita. Kilikuwa kimegeuka rangi ya ugoro na pampu inalia. Tuliishia kutumia vichujio vinne pale tulipopanga kimoja. Bajeti ya vichujio iliisha kituo cha tano.

La pili liliniuma zaidi. Kila siku ya kazi unachuja pia maji safi ya chupa, kuhakikisha hakuna uchafu unaotoka kwako. Maji yetu ya chupa yalitoa jibu: ningu yumo. Kisa chake ni kwamba asubuhi ile niliwapima samaki wa makila, kisha nikachukua vichujio na glavu zilezile. Vituo vyote vya siku hiyo tulivifuta. Tangu hapo anayeshika samaki hashiki kichujio, hata kama tuko wawili tu kambini.

DNA haikuambii samaki ana umri gani, ni jike au dume, au ni mzima au amekufa. Hilo la mwisho ni kubwa kwa Mara. Sehemu ya Kenya ya bonde hili ina viboko zaidi ya 4,000, na kinyesi chao hulundikana kwenye mabwawa ya mto wakati maji yako chini. Mvua ya kwanza ikikisukuma, oksijeni huanguka na samaki hufa; watafiti walirekodi oksijeni ikianguka vibaya hivyo mara 13 ndani ya miaka 3, na vifo vya samaki mara 9 ndani ya miaka 5. Mizoga inaoza, DNA inamwagika, inasafiri na mkondo. Ukichota maji chini yake siku mbili baadaye maabara itakuletea ishara kali ya samaki ambao hawapo tena. Aidha, ningu wamejaribiwa kuzalishwa na kufugwa Uganda na Kenya, na maabara haitofautishi wa bwawani aliyetoroka na wa mtoni.

Na jibu la "hakuna" halimaanishi hakuna. Kama kila sampuli ina nafasi ya asilimia 40 ya kumnasa ningu aliyepo, sampuli tano zinakufikisha kwenye asilimia 92. Moja peke yake ni kupoteza nauli. Hesabu hiyohiyo inawahusu wa makila: kama usiku mmoja wa wavu una nafasi ya asilimia 20, unahitaji usiku 14 mtupu kabla ya kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba hawapo.

Njia nyingine kwa kifupi: kuzamia na kuhesabu kwa macho ni kwa mito ya maji maangavu, si huu. Sona, kifaa kinachoona kwa mawimbi ya sauti, inaonyesha kivuli cha samaki hata kwenye tope, lakini kumtofautisha ningu na kuyu wa urefu uleule kwa kivuli ni kubahatisha.

Daftari la mwaloni

Hili daftari la mvuvi wa mwaloni, pale mitumbwi inapofungwa, wengi hawaliiti njia, nami naliweka juu ya chipu. Mvuvi wa migono yuko mtoni siku 200 kwa mwaka, wewe uko siku 12. Mpe daftari, rula na mzani mdogo. Aandike tarehe, mahali, zana, saa, na kila ningu. Kasoro yake ni kwamba mvuvi anafuata samaki, hakai kituo kimoja kwa ajili ya takwimu zako, hivyo mavuno yake yanaweza kubaki mazuri huku samaki wakikauka kwingine. Pia hatakuandikia alichovua kwa timba wakati anajua nyavu hizo zimekatazwa. Akijua kwamba daftari halipelekwi kwa askari wa doria, ataandika zaidi. Ahadi hiyo ukishaitoa itunze.

Machi 2022 maji ya Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi na samaki wakafa. Mwenye daftari la miaka iliyotangulia angeweza kusema kilichopotea ni nini na kiasi gani. Asiye nalo alibaki kuhesabu mizoga.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Kwa gharama ya kuanzia, daftari ni rahisi kuliko zote, kisha makila, kisha DNA (kichujio ni nafuu, maabara ndiyo inayomeza), kisha chipu, kisha umeme, ambao kifaa chake peke yake ni maelfu ya dola. Kwa usalama wa ningu, DNA na migono ziko mbele, makila yako nyuma kabisa yasipokaguliwa. Usalama wako wewe mtoni unashikwa na DNA tena, na umeme unashika mkia. Ukitaka kusema "wako 38 hapa", umeme ndani ya kijito kilichozibwa ndio pekee utakaokupa namba unayoweza kuitetea mbele ya watu. Kwa "wanapungua", ni makila au migono kwa miaka isiyopungua mitano, daftari likiwa shahidi wa pili.

Ningepewa fedha kidogo na gari moja la kuazima, ningeanza na DNA mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa hayajachafuka na viboko hawajasukumiwa kinyesi chao, nipate ramani ya vijito vyenye dalili. Ningechagua vituo sita, kimoja karibu na Kirumi, na kutega migono na seti moja ya makila kila mvua za vuli na za masika, nikiongozwa na kimo cha maji na simu ya mtu aliyeko juu ya mto badala ya kalenda. Umeme ningeukodisha siku nne za kiangazi kwenye vijito viwili tu, kuwahesabu wadogo waliobaki. Chipu ningeziacha mpaka mwaka wa tatu.

Vibali vianze kabla ya yote. Tanzania ni COSTECH, tume ya sayansi, na TAFIRI Mwanza, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wajulishwe mapema. Ukiingia ndani ya Serengeti kuna TAWIRI (utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (hifadhi za taifa). Kenya ni NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, na ndani ya hifadhi waulize wenye hifadhi. Macho madogo ya nyavu yaandikwe wazi kwenye barua, kwa inchi, na nakala yake ikae kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mtumbwi, maana doria ya saa kumi usiku haisubiri ukaitafute kambini.